Fumbo la Taarab na Dhima ya Msikilizaji

Siti binti Saad aliporekodi santuri mjini Bombay mwaka 1928, fumbo la taarab lilivuka mipaka ya ukumbi. Hapo linazuka swali la kimaadili: fumbo likimjeruhi mtu, dhima ni ya nani? Ukumbini, anayetoka kumtunza mwimbaji huufanya wimbo kuwa wake hadharani. Lakini tuseme albamu ya Zuhura Swaleh, Jino la Pembe (1992), inachezwa arusini Majoreni ili kumsuta jirani. Mwimbaji hamjui jirani huyo. Anayemjua ni aliyeuchagua wimbo. Kwa hiyo, uhakiki unaomtafuta mlengwa ndani ya matini pekee hautampata. Fanani huwajibika kwa maneno. Shabaha ni ya mchezaji wa kanda, wala hawezi kujificha nyuma ya sauti ya mwingine.