Je, Ni Dhambi Kuficha Mimba Kazini?

Siku moja baada ya mafundisho ya wazazi wanaoombea watoto wao ubatizo, mama mmoja alikawia nyuma ya wenzake. Alingoja mpaka mabenchi yalipokuwa matupu, kisha akatukaribia akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, ni dhambi kumficha bwana wa kazi kwamba nina mimba?"

Tulimwuliza habari zaidi. Mama huyu ni karani katika depo ya bidhaa humu Butembo. Kazi yake ni kuandika hesabu ya mifuko inayoingia na inayotoka. Alikuwa bado katika miezi ya kujaribiwa, na mkataba wa kudumu ulikuwa utiwe sahihi baada ya majuma machache. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitatu. Mwenzake aliyemtangulia katika kiti kile alisema kweli mapema, na juma lililofuata akaambiwa kwamba kazi imepungua. "Nikisema, nitakosa mkate," akatuambia. "Nikinyamaza, nitakosa amani."

Tulimjibu haraka mno. Tulisema kwamba kweli haiui mtu, aende akaseme wazi, Mungu atamsaidia. Alitutazama kama vile mwanamke anavyomtazama mtu asiyewahi kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Sisi tulirudi nyumbani bila furaha, maana tulijua kwamba tumempa jibu jepesi kwa jambo zito. Haya tunayoandika leo ndiyo tuliyopaswa kumwambia siku ile.

Kwanza yafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Uongo ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kumdanganya mwenzako. Kunyamaza ni jambo jingine. Si kila aulizaye ana haki ya kujibiwa. Mtu akikusimamisha njiani akakuuliza jirani yako anaweka wapi fedha zake, ukanyamaza, hukumkosea; kumbe ungemjibu, ungemkosea jirani yako. Basi swali la mama yule lageuka hivi: je, bwana wa kazi ana haki ya kujua kwamba mwanamke ana mimba, kabla ya kumwandika kazi?

Sheria ya nchi yetu imekwisha kujibu. Sheria ya Kazi namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yakataza kumbagua mwanamke kwa sababu ya mimba; tena yakataza kwa jina kumdai mwanamke aombaye kazi kipimo au karatasi ya kuonyesha kwamba hana mimba. Ikiwa swali lenyewe limekatazwa, basi anyamazaye mbele ya swali hilo hatendi dhambi. Ndivyo tungemwambia. Lakini asiandike uongo juu ya karatasi. Akiulizwa uso kwa uso, aseme kwa upole kwamba hilo si sharti la kazi. Twajua kwamba ni rahisi kwetu kuandika hivyo, tukikaa mezani, na mshahara wetu hauko hatarini.

Wala kimya hakiwezi kudumu. Mimba si barua ya kutiwa mfukoni. Tena kuna hasara nyingine: afichaye hawezi kupanga. Hawezi kumwuliza mhasibu wa kazi atalipwa nini, hawezi kupatana na mwenzake nani atakaa kitini pake, hawezi kuomba apunguziwe mizigo. Apita miezi ile yote akihesabu siku peke yake, kama mwizi, hali hakuiba kitu.

Na kumbe kuna mengi ya kuuliza. Sheria ile ile yampa mwanamke anayejifungua likizo, au konje kama tusemavyo hapa, ya majuma 14 mfululizo: 6 kabla ya kuzaa na 8 baadaye. Muda huo wote hupewa theluthi mbili za mshahara wake, na vile vitu vilivyoandikwa katika mkataba haviondolewi. Muda huo bwana wa kazi hawezi kuuvunja mkataba. Tena kuna neno moja dogo ndani yake ambalo latupasa kulisoma polepole: mama ana haki hiyo mtoto akiishi au asipoishi.

Tumelifikiri sana neno hilo. Kama malipo yale yangekuwa zawadi ya kumkaribisha mtoto, yangekoma mtoto anapozikwa. Kama yangekuwa bei ya kumpatia nchi raia mpya, vivyo hivyo. Lakini sheria yasema mama alipwe hata kama amerudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo kusema, kinachotambuliwa ni mtu mwenyewe: mwili wake uliofanya kazi, damu yake, machozi yake. Sisi ambao tumesindikiza majeneza madogo mpaka makaburini, mara nyingine pamoja na mama aliyefikiri kwamba siku ya tatu sharti arudi sokoni au ofisini, twaona kwamba walioliandika neno hilo walijua wanasema nini.

Labda mtu atatupinga, na hatupingi bure: "Mimi nina watumishi watatu tu. Mmoja akikaa nyumbani majuma 14 nami namlipa theluthi mbili, tena namlipa na mbadala wake, nitafunga duka." Mtu huyu si mbaya. Biashara za Butembo zilijengwa na watu wa namna hiyo, walioanza na gunia moja la maharagwe. Tumjibuje?

Tumwambie kwamba shida yake ni ya kweli, na kwamba ndiyo sababu mzigo huu haupasi kubebwa na mtu mmoja. Katika mwaka 2000 Shirika la Kazi la Ulimwengu lilikubaliana juu ya mapatano namba 183, ambayo nayo yataja majuma 14 na theluthi mbili, na ambayo yasema kwamba kwa desturi bwana wa kazi asiachiwe kulipa peke yake gharama ya mtumishi wake anayezaa. Malipo yatoke katika mfuko wa wote. Sababu yake ni wazi: mzigo ukimwangukia mmoja, ataanza kuwaogopa wanawake wote. Kwetu, sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ilileta mfuko wa CNSS mahali pa INSS ya zamani, nao una tawi la malipo ya familia. Kwa tawi hilo bwana wa kazi hutoa 6.5 katika kila 100 ya mshahara, na mtumishi hatozwi kitu. Njia ya kushirikiana mzigo, basi, si ndoto. Lakini ni depo ngapi katika mji wetu zimewaandikisha watumishi wao? Anayewaficha watumishi wake kwa CNSS, je, ana uso gani wa kukasirika mtumishi akimficha mimba yake?

Wengine husema kwamba mtoto ni wa baba na mama, wao wenyewe wagharimie. Ni kweli kwamba ni wao wa kwanza. Lakini yule mtoto ndiye atakayenunua katika duka hilo, ndiye atakayelima, atakayefundisha, atakayetuchimbia kaburi sisi tusiokuwa na mtoto. Faida yake twaipokea sote; gharama yake twataka ilipwe na mmoja.

Hapa yatupasa kuungama jambo letu wenyewe, maana si haki kuwahukumu wenye maduka na kujisahau. Miaka michache iliyopita tulikuwa katika halmashauri moja ya parokia iliyokuwa na darasa la watoto wadogo. Mwalimu wao alilipwa kwa michango ya wazazi. Alipojifungua, fedha yake ya miezi yote mitatu alipewa aliyeshika nafasi yake. Mzee mmoja alisema: "Fedha ni moja, haiwezi kugawanywa mara mbili." Hakuna aliyetafuta njia ya pili. Nasi tuliinua mkono pamoja na wengine. Kisha tulikwenda nyumbani kwake na beseni, sabuni miche sita na kitenge, tukaimba, tukapiga picha. Alitupokea vizuri, akatupikia. Tulirudi tukifurahia ukarimu wetu.

Leo twaona tulilofanya: tulizuia haki yake, kisha tukamletea sadaka. Baba Mtakatifu Leo wa 13 alipoandika juu ya wafanyakazi katika mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara wa haki ni deni. Na Yohane Paulo wa 2, katika mwaka 1981, aliandika kwamba kazi ipangwe hivi kwamba mwanamke asilazimike kuulipia maendeleo yake kwa kuacha umama wake. Maandiko hayo tuliyasoma seminarini, tukafanyiwa mtihani, tukapata alama nzuri.

Turudi kwa mama wa depo. Akipata mkataba wake na kuisema habari yake, apangeje? Tuseme mshahara wake ni dola 150. Theluthi mbili ni dola 100. Basi kila mwezi atapungukiwa na dola 50, na kwa majuma 14 ni kama dola 160. Kwa hiyo yeye na mumewe wakiweka dola 27 kila mwezi tangu mwezi wa tatu wa mimba, kwa miezi sita wataliziba shimo hilo. Kama wako katika likelemba, waombe zamu yao iangukie mwezi wa kuzaa. Katika shirika letu akina mama wa soko, ambao hawana bwana wa kazi wala mkataba, hupeana zamu hivyo bila kufundishwa na mtu. Barua kwa bwana wa kazi iandikwe mara mbili, pamoja na karatasi ya daktari, na nakala moja itiwe sahihi na kubaki nyumbani. Naye mume sheria yampa siku 2 za kazi mkewe anapojifungua. Ni chache, lakini wengi hawaziombi hata hizo.

Jambo gumu zaidi laja baada ya majuma 8. Waganga hufundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6. Likizo yaisha katika mwezi wa pili. Kwa pengo hilo sheria yatoa nusu saa mbili kila siku za kunyonyesha, nazo zalipwa kama saa za kazi. Lakini atazamaye milima yetu ajiulize: mama wa kartie ya mbali atashuka, atanyonyesha na kupanda tena kwa nusu saa? Pikipiki italiwa na mshahara, na nusu saa italiwa na pikipiki. Haki ile haina miguu mpaka mtoto awe karibu na kazi. Kwa kuwa hayuko karibu, familia humwita binti wa ndugu kutoka kijijini, wa miaka 12, aje kumbeba. Binti huyo huacha shule. Twadhani hatulipi kitu kwa malezi, kumbe alipaye ni yeye.

Watasema: chumba cha watoto kazini ni mambo ya Ulaya. La hasha. Tukumbuke Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, wengi wao wa Beni, Butembo na Katwa. Mama alipoingia kituo cha matibabu, mtoto wa kunyonya abaki na nani? Karibu na vituo vile, Beni na Butembo, UNICEF pamoja na wenzake walifungua nyumba za kulea watoto, na walezi walikuwa watu waliokwisha kupona ugonjwa huo, ambao waliweza kuwapakata bila ile hofu waliyokuwa nayo wengine. Fedha ilitoka nje, ni kweli. Lakini mikono ilikuwa ya hapa, na vyumba vilikuwa vya hapa. Kifaransa huita nyumba kama hiyo kwa neno lile lile tunaloliita pango la Noeli, kreshi. Kila Desemba twalijenga la udongo na majani mbele ya altare, na halituchukui zaidi ya siku mbili.

Mama yule alirudi kwetu majuma matatu baadaye. Alikuwa amekwisha kutia sahihi mkataba, na alitaka kuandika barua yake. Safari hii hatukuhubiri. Tuliketi pamoja, tukaiandika mara mbili, akaiweka katika bahasha. Hajapata jibu bado.

Halmashauri ya parokia yetu ya sasa, ambayo nayo ina darasa la watoto wadogo, itakutana Jumapili ijayo. Tumeomba jambo hili liwekwe la kwanza, kabla ya habari za paa. Na kwa yule mwalimu wa zamani tumekwisha kwenda, wawili kati yetu tulioinua mkono siku ile, tukiwa na sehemu ya kwanza ya fedha yake. Alituuliza ni mchango wa nini. Tukamwambia ni mshahara wake wa mwezi ule aliojifungua. Alinyamaza kidogo, kisha akaihesabu mbele yetu, kama ipasavyo, akatuambia ni kiasi gani kimebaki.