Karibu Nayo Ni Ahadi



Wengi wetu tulioko Ottawa, na wenzetu walio ng'ambo ya mto huko Gatineau, tunaishi kwa biashara ndogo ndogo: kusafirisha mizigo nyumbani, kushona nguo, kusuka nywele, kuuza unga na samaki wakavu, kupika harusini. Zamani ilitosha kubandika namba ya simu msikitini, kanisani au mlangoni pa duka. Siku hizi kila biashara inataka tovuti, na kila mwenye tovuti anakutana na swali lile lile: tuandike kwa lugha ipi? Wengi hulichukua kuwa ni swali la fedha na wateja. Sisi tunaliona kuwa ni swali la haki pia, na ndilo tunalotaka kulijadili hapa.

Tuanze na nchi yenyewe. Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka 1969 iliweka Kiingereza na Kifaransa sawa katika shughuli za serikali kuu ya Kanada. Mfuko wa unga tunaonunua dukani nao una maandishi ya lugha zote mbili, kwa sababu sheria inataka hivyo. Quebec imekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1977, sheria ambayo wengi huiita Sheria 101 inampa mnunuzi haki ya kuarifiwa na kuhudumiwa kwa Kifaransa, na mwaka 2022 ilikazwa zaidi. Kule kaskazini, Nunavut, sheria ya mwaka 2008 ya kulinda lugha ya Wainuit inazigusa hata biashara za watu binafsi.

Katika sheria ya Quebec mna kanuni moja inayofaa kutafakariwa hata na asiyeishi huko. Mfanyabiashara anaweza kutoa matangazo yake kwa lugha nyingine, lakini msomaji wa Kifaransa asiwekwe katika hali duni kuliko yule wa lugha hiyo nyingine. Maana yake ni kwamba haitoshi lugha kuonekana tu; msomaji wake apate kile kile anachopata mwenzake.

Kiswahili hakina ulinzi wa namna hiyo hapa, wala hatudai kipewe. Anayeandika Kiswahili kwenye tovuti yake anaandika kwa hiari. Lakini hapo ndipo swali la maadili linapozaliwa: jambo ulilolianza kwa hiari yako, je, waweza kuliacha katikati kwa hiari hiyo hiyo?

Tuchukue mfano. Tuseme kuna tovuti ya kusafirisha mizigo. Ukurasa wa kwanza ni wa Kiswahili kitamu: karibuni ndugu zetu, tunapeleka mapipa hadi Mombasa na Dar es Salaam, na bei ya pipa ni hii hapa. Anausoma mama mmoja ambaye Kiingereza chake ni cha kusalimiana ndani ya basi. Anafurahi, anapiga simu, anajaza pipa nguo, sabuni na madaftari ya wajukuu. Ukurasa wa masharti, hata hivyo, ni wa Kiingereza peke yake. Humo imeandikwa kwamba ushuru wa forodha utalipwa na mpokeaji, kwamba mzigo ukichelewa kutolewa bandarini gharama za kuuhifadhi ni juu ya mwenyewe, na kwamba bima haimo katika bei. Pipa linafika. Dada yake aliyetumwa kulipokea hana fedha za kulikomboa. Siku zinahesabiwa, na deni linapanda mpaka linazidi thamani ya vilivyomo.

Je, mama huyu amedhulumiwa? Mwenye biashara atasema hakuficha kitu, kila neno liliandikwa. Ni kweli liliandikwa. Lakini alimwita kwa lugha moja na kumfunga kwa lugha nyingine. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwetu sisi, karibu nayo ni ahadi. Anayepiga hodi akaitikiwa karibu haachwi amesimama kizingitini. Anaonyeshwa pa kukaa, na kama kuna ngazi iliyovunjika anaambiwa aangalie asianguke.

Wako watakaotujibu, na hoja yao ni nzito. Tovuti yenye kurasa 20 ikiandikwa kwa lugha 4 inakuwa na kurasa 80. Bei ikibadilika, inabidi ibadilishwe mara 4. Biashara yenyewe ni ya mume, mke na kijana wao anayesaidia jioni akitoka chuo. Mkiwaambia watafsiri yote au waache yote, wataacha yote, na mama yetu atakosa hata hicho kidogo alichokuwa akikipata. Kiswahili nusu, watasema, ni bora kuliko ukimya.

Hoja hiyo tunaikubali, ila tunauliza: nusu ipi? Uchache wa kurasa si kosa. Kosa ni kuchagua zile tamu tu. Mara nyingi kinachotafsiriwa ni salamu, sifa na bei, yaani maneno ya kuvuta. Kinachoachwa ni masharti, yaani maneno ya kufunga. Kama uwezo ni wa kurasa 4 tu, basi ziwe bei, masharti, namna ya kulalamika na namna ya kuwapata wahusika. Historia ya kampuni na picha za ufunguzi zinaweza kubaki katika Kiingereza na asiumie mtu. Na kama hata masharti hayawezekani, ukurasa wa Kiswahili uanze kwa kusema wazi: masharti yetu yako kwa Kiingereza na Kifaransa, tupigie simu tukueleze kabla hujalipa. Kisha awepo mtu wa kuipokea simu hiyo na kueleza kwa Kiswahili.

Tusisahau pia kuwa Kiswahili chenyewe si kimoja. Ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi husema batoto tunaposema watoto, na wengi wao wamesoma kwa Kifaransa. Mambo ya mikataba na malipo wameyazoea kwa lugha hiyo. Mtu wa namna hii huenda akaelewa masharti ya Kifaransa upesi kuliko Kiswahili chetu cha pwani. Tukimlazimisha Kiswahili chetu kwa jina la undugu, tutakuwa tumeifurahisha fahari yetu na kumwacha yeye gizani. Vilevile bendera ndogo zinazowekwa kuonyesha lugha hazitusaidii. Tuweke bendera ya Tanzania, ya Kenya au ya Kongo? Jina la lugha, likiandikwa kwa lugha yenyewe, linatosha.

Kuhusu mashine, tangu mwaka 2009 Google Translate inatafsiri Kiswahili, na leo kazi yake ni nzuri kuliko ilivyokuwa mwanzo. Lakini mashine haiulizwi mambo yakiharibika. Tovuti ikitangaza kwamba duka hufunguliwa saa 9 asubuhi, kwa kuhesabu Kizungu, mtu aliyekulia Tanga atajiuliza kama ni alasiri au ni usiku wa manane, kwa sababu kwake saa ya kufungua duka ni saa tatu. Hilo ni jambo dogo. Neno kama hilo likiwa ndani ya sharti la malipo, si dogo tena. Kwa hiyo kabla ukurasa haujatolewa, mtu mmoja anayeijua lugha na anayeijua biashara ausome wote, na awe tayari kusimama nyuma yake.

Ndugu zetu wenye biashara, hatuwaombi lugha nyingi. Mwenye lugha 2 zilizokamilika ana heshima kuliko mwenye 5 za kupambia. Tunachoomba ni kwamba mtu aliyeitwa kwa Kiswahili ajue, kwa Kiswahili hicho hicho, atalipa nini, lini, na nani atabeba hasara mambo yakienda mrama. Akishayajua hayo, achague mwenyewe kulipa au kwenda zake.