Ni Nani Atakayeulizwa Habari Hii?

Wako watu wasemao ya kwamba gazeti limekwisha kazi yake. Wanadai kuwa mtu aliyeko mahali pa tukio, akiandika mwenyewe katika blogu yake ndani ya intaneti, hana mhariri wa kumkata maneno wala tajiri wa kumwogopa. Wengine hujibu ya kwamba blogu ni uvumi wa barazani tu, na kuwa habari ya kuaminika ni ile iliyochapwa na gazeti lenye jina. Je, ni upande upi ulio na haki?

Na tuyatazame yaliyotokea. Kabla ya Marekani kuishambulia Irak mwaka 2003, New York Times, gazeti lenye sifa kubwa duniani, lilichapa habari nyingi za silaha za maangamizi zilizodaiwa kufichwa katika nchi hiyo. Silaha hizo hazikuonekana. Tarehe 26 Mei 2004 wahariri wake wakakiri kwamba baadhi ya habari zile hazikuchunguzwa kama ilivyopasa. Basi jina kubwa halikuizuia habari isiyo kweli.

Wakati huo huo, kijana mmoja wa Baghdad aliyejiita Salam Pax alikuwa akieleza katika blogu yake jinsi wakazi wa mji walivyoingojea vita na walivyoishi chini ya mabomu. Alificha jina lake kwa kuihofia serikali ya Saddam Hussein. Wengine walidai kuwa hakuna mtu kama huyo. Lakini baada ya utawala ule kuanguka, mwandishi wa habari Peter Maass akaisoma blogu ile na kutambua ya kuwa mwenyewe ni mkalimani aliyefanya naye kazi Baghdad. Kumbe alikuwako!

Je, tuseme kwamba blogu zimeshinda? La, hasha! Mwaka 2011, Syria ilipokuwa katika machafuko, ilisomwa sana blogu ya mtu aliyejitambulisha kuwa msichana wa Damascus. Mwezi Juni ikatangazwa humo kwamba ametekwa na watu wenye silaha. Watu wa nchi nyingi wakaingiwa na huruma, na magazeti yakaeneza habari na picha yake. Ndipo wachache wakauliza: Ni nani aliyemwona kwa macho yake? Hakupatikana hata mmoja. Mwanamke mmoja aliyeishi London akasema kuwa picha ile ni yake. Tarehe 12 Juni, Mmarekani mmoja, mwanafunzi huko Scotland, akakiri kwamba yote aliyaandika yeye. Dhara yake haikuwa ndogo, kwani Syria ilikuwa na wafungwa wa kweli, na uongo wa namna hii humpa dhalimu nafasi ya kusema kuwa vilio vyote ni vya kubuni.

Tunajifunza nini? Ukweli hauletwi na karatasi wala na intaneti. Aliye karibu huona asiyoyaona mhariri aliye mbali; lakini gazeti lina ofisi inayojulikana, nalo laweza kushtakiwa na kudaiwa sahihisho. Neno la mtu lina uzito kwa kadiri awezavyo kuulizwa. Yule afichaye jina kwa hofu tusimkanushe, wala tusimtangaze, mpaka apatikane wa kumshuhudia.

Huenda mtu akasema: Tukingoja, je, hatutamwacha mdhulumiwa aangamie? Hoja hii ni nzito. Lakini kuuliza si kumtupa. Aulizaye, “Yuko wapi, na nani amemwona?” ndiye amtafutaye kwa kweli. Aenezaye tu hatafuti mtu; anatafuta masikio.

Qur'an Tukufu (49:6) inawaamuru waaminio kuichunguza habari wanayoletewa, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Tazama, amri hii imewekwa juu ya mpokeaji! Kwa hiyo msomaji hawezi kusema, “Mimi nimesoma tu.” Akiipeleka kwa jirani, naye amekuwa msimulizi, na ataulizwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye kuthibitisha kabla ya kunena. Amin.