"NIMEONJA TU!" JE, KUONJA SI KUNYWA?



Karatasi hii haikufika mkononi mwako kwa bahati. Labda umepewa pale uwanjani kwenye mkutano, labda umeikuta kwenye kiti cha basi. Isome mpaka mwisho, haitachukua hata dakika kumi. Nina swali moja tu ninalotaka tulizungumze mimi na wewe, kama ndugu wawili waliokaa kivulini: mtu akionja pombe, amekunywa au hajanywa?

Unacheka? Usicheke, rafiki yangu. Swali hili lilinigharimu.

ILIKUWA HIVI

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Marekani kumtembelea mdogo wangu. Ndugu huyu alikuwa mlevi wa kupindukia. Alipoteza kazi, akapoteza mke. Lakini siku ninayoisema alikuwa ametimiza miaka minne bila kugusa kilevi. Miaka minne! Sisi nyumbani tulikuwa tunashukuru kila tulipopata simu yake.

Jumamosi moja Mtanzania mwenzetu akatualika chakula cha mchana. Tukaenda kwenye kiwanda kidogo cha bia, vile ambavyo bia hupikwa chumba cha nyuma na kuuzwa chumba cha mbele. Usifikiri ni kilabu cha pombe kama unavyokijua wewe. Pasafi, meza za mbao, watoto wanacheza, watu wanaongea taratibu. Akaja kijana mwenye adabu na ubao wenye glasi ndogo nne za kuonja. Moja ilikuwa nyekundu ya zambarau, povu lake kama waridi.

"Hii siyo bia ya kawaida," akasema. "Tumechanganya na juisi ya zabibu za divai."

Mwenyeji wetu akanisogezea. "Kaka, onja tu. Si ni juisi ya zabibu jamani?"

Nikaonja. Nikuambie uwongo kwamba ilikuwa mbaya? Hapana, haikuwa mbaya. Kwanza ilikuja ladha ya zabibu na ukali kidogo wa maganda yake, halafu mwishoni ukaja uchungu wa bia. Haikuwa na sukari nyingi kama nilivyotegemea. Nikasema, "Mh! Hawa watu mafundi."

Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Hakusema kitu. Akanyoosha mkono, akachukua glasi ya pili.

KINYWAJI HIKI NI NINI HASA?

Ndugu, nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, nikaanza kuuliza na kusoma. Nikakuta kwamba kinywaji hiki kina historia ndefu.

Mwaka 1957 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifukua kaburi kubwa mahali panapoitwa Gordion, nchini Uturuki. Ndani walikuta mifupa ya mzee mmoja, na vyombo vya shaba zaidi ya 150 vya karamu ya mazishi, vyenye umri wa miaka zaidi ya 2,700. Baadaye Patrick McGovern na wenzake walipima masalia yaliyoganda ndani ya vyombo hivyo. Wakapata alama za zabibu, alama za asali, na alama za bia ya shayiri. Vitu vitatu katika chungu kimoja! Kutokana na hayo, kiwanda cha Dogfish Head cha jimbo la Delaware kilitengeneza bia iitwayo Midas Touch: shayiri, asali, zabibu nyeupe za Muscat na zafarani. Nguvu yake ni asilimia 9. Mwaka 2013 kiwanda hicho hicho kilitoa nyingine, Sixty-One, bia yenye juisi mbichi ya zabibu nyekundu za Syrah kutoka California, nguvu asilimia 6.5.

Ubelgiji nako wanaloweka zabibu ndani ya bia kali ya kienyeji. Waitalia ndio wameifanya kuwa yao kabisa, mpaka mwaka 2015 mwongozo wa waamuzi wa bia wa BJCP ukaiingiza kwenye orodha kwa jina la Italian Grape Ale.

Na sisi tusijifanye wageni. Mbege ya Uchagani ni nini kama si tunda na nafaka pamoja, ndizi na ulezi? Babu zetu nao walijua kuchanganya.

Kwa hiyo sikuandika hapa kumtukana fundi wa bia. Shayiri ni kitu chema. Zabibu ni kitu chema. Na ufundi wa mikono ni kipawa. Swali langu liko kwingine.

JUISI IMEKWENDA WAPI?

Hebu tufuatane taratibu hapa, maana ndipo niliponaswa.

Niliambiwa "juisi" na mimi nikasikia "juisi". Lakini je, ndani ya glasi ile kulikuwa na juisi? Sikiliza. Hamira ni kiumbe hai, mdogo hata huwezi kumwona kwa macho. Kazi yake ni kula sukari. Akishakula anatoa vitu viwili: hewa inayofanya povu, na spiriti inayolewesha. Sukari ya shayiri haili yote, nyingine humshinda, nayo hubaki na kuipa bia uzito mdomoni. Lakini sukari ya zabibu ni laini sana kwake. Anaila karibu yote.

Umeelewa maana yake? Juisi ikiingia kwenye pipa wakati hamira ingali kazini, ile sehemu niliyoitegemea iwe juisi ndiyo iliyogeuka kilevi kuliko sehemu nyingine yoyote! Ndiyo maana haikuwa na sukari mdomoni. Sukari ilishakuwa spiriti. Kilichobaki cha zabibu ni rangi, harufu, na jina.

Jina! Mpendwa, hapo ndipo pana ugonjwa wetu. Moyo wa mtu ukitaka kitu, hauanzi kwa kukichukua. Unaanza kwa kukitafutia jina zuri. Rushwa inaitwa chai. Uwongo unaitwa utani. Uzinzi unaitwa urafiki. Na pombe inaitwa juisi. Kitu hakibadiliki kwa kubadilishiwa jina. Anayebadilika ni wewe, maana umeshalala usingizi.

HESABU YA KUONJA

Na hilo neno "kuonja" je? Tupige hesabu ya darasa la sita. Glasi ndogo ya kuonja huchukua kama mililita 120. Kidogo, si ndiyo? Lakini kwenye ubao ziko nne. Nne mara 120 ni mililita 480. Kama kinywaji kina nguvu ya asilimia 9, umemeza mililita 43 za spiriti. Chupa ndogo ya bia ya kawaida, mililita 330 kwa asilimia 5, ina mililita 16 na nusu. Kwa hiyo "nimeonja tu" imezidi chupa mbili na nusu!

Tena angalia jambo lingine. Waonjaji wa divai wenye kazi hiyo hutema. Wana ndoo pembeni. Wanataka ladha, wakishaipata basi. Mimi sikutema. Je, nilitaka ladha tu? Nijibu wewe.

Usiniambie ni maneno ya wahubiri. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilisema kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Shirika hilo halikutofautisha bia ya kiwanda kikubwa na ya kiwanda kidogo, wala yenye zabibu na isiyo na zabibu. Kilevi ni kilevi.

"LAKINI NDUGU, BIBLIA…"

Najua utakaponishika. Utasema: Kule Kana je? Timotheo naye si aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo? Na Zaburi ya 104 haihesabu divai kati ya zawadi zinazofurahisha moyo? Ni kweli. Mimi siwezi kuzifuta kurasa hizo, wala sitaki. Mtu akikuambia hazipo, anakudanganya.

Lakini soma na Hesabu 6. Mnadhiri alipojiweka wakfu aliacha divai. Ikaishia hapo? Hapana! Akaacha na siki yake, akaacha juisi ya zabibu, akaacha zabibu zenyewe mbichi kwa kavu, mpaka maganda. Jiulize: ganda la zabibu linamlewesha nani? Hakuna. Basi kwa nini aliliacha? Na siku zake zikitimia, sura hiyo hiyo inamruhusu kunywa divai. Kumbe shida haikuwa kwamba zabibu ni dhambi. Suala lilikuwa neno lake. Mtu aliyetoa neno hachezi mpakani. Hatafuti ni hatua ya ngapi atakayosimama kabla hajaanguka. Anakaa mbali, ili neno lake liwe na uzio.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali letu. Kuonja ni kunywa au si kunywa? Inategemea umetoa neno gani, na nani anakutazama. Kwa mtu asiye na ahadi yoyote, tone ni tone. Kwa mtu aliyeahidi kuacha, tone ni mlango. Na kwa kaka mkubwa aliyekaa meza moja na mdogo wake aliyepona juzi, tone ni kama kumshika mkono na kumrudisha alikotoka.

Paulo alilijua hili. Alikuwa huru kula nyama, lakini akasema heri aiache kabisa kama chakula hicho kitamwangusha ndugu (1 Wakorintho 8). Hakusema nyama ni mbaya. Alipima nyama na ndugu, akaona ndugu ana uzito zaidi. Mimi siku ile nilipima glasi moja na ndugu yangu wa tumbo moja. Nilichagua nini?

MASWALI MATATU KABLA HUJAONJA

Sikupi sheria, ndugu yangu. Nakupa maswali matatu. Yajibu wewe mwenyewe, hata kama uko peke yako.

1. Kitu hiki kinaitwaje kikivuliwa nguo zake? Ondoa rangi, ondoa jina, ondoa sifa za fundi. Kilichobaki ni nini?

2. Kama kingetolewa kilevi, kikabaki na ladha ile ile, ningekitaka bado? Ukisema ndiyo, basi nenda kanunue zabibu ule. Ukisema hapana, umeshajua unachokifuata.

3. Nani ananitazama? Mtoto? Mke aliyeolewa na mlevi mara ya kwanza? Mdogo wako? Glasi yako ni ndogo, lakini wewe kwao siyo mdogo.

MDOGO WANGU

Utauliza yalimpata nini. Tulipotoka pale nilimkemea. Ndiyo, mimi, nikiwa na harufu mdomoni, nilimkemea! Akanijibu neno moja tu: "Kaka, kama wewe umeonja, mimi ni nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Baada ya mimi kuondoka simu zilipungua, halafu zikakatika. Miezi minane hatukujua analala wapi. Namshukuru Mungu alirudi, na sasa ameacha tena. Lakini anahesabu upya. Ile miaka minne haikurudi. Wala sikuambii mimi ndiye niliyemnywesha, maana mkono ulikuwa wake, naye analisema hilo mwenyewe. Ila mlango niliufungua mimi, kwa neno dogo: onja.

Na mimi je? Tangu siku ile sijagusa, wala kwa kuonja. Si kwa sababu nimekuwa mtakatifu kuliko wewe. Ni kwa sababu nimeijua bei.

WEWE JE?

Rafiki yangu unayesoma, labda hunywi pombe kabisa, na umesoma ukisema, "Hayo ni ya walevi." Ngoja kwanza! Ni kitu gani wewe "unaonja tu"? Ni fedha ya ofisi unayoazima kidogo? Ni ujumbe unaomwandikia mke wa mtu, eti salamu? Ni umbea unaousikiliza bila kusema neno? Umekipa jina gani ili usisikie uchungu?

Leo, kabla hujalala, kiite kwa jina lake. Hilo tu. Kitamke kwa sauti, hata chumbani peke yako. Mlevi aliyesema "mimi ni mlevi" yuko karibu na kupona kuliko mwonjaji anayesema "nimeonja tu". Kisha kama una neno la kumwambia Mungu, mwambie papo hapo ulipo. Hahitaji maneno marefu.

Na kama kuna mtu aliyeanguka kwa sababu yako, usingoje kesho. Inuka, mpigie. Usianze kwa kumkemea kama nilivyofanya mimi. Anza kwa kusema: "Mimi ndiye niliyeonja. Nisamehe."

Usiitupe karatasi hii. Ukiisha kuisoma mpe mwenzako.