Mizani ya Mwalimu

Soma kwa ajili ya somo hili: Mithali 11:1; Danieli 6:1–10, 16; Luka 16:10; Waebrania 11:35–38; Yakobo 3:1.

Je, imani ya mwalimu Mkristo hupimwa katika kipindi cha Biblia tu, au pia katika kipindi cha hesabu na katika kitabu cha alama?

Mwaka 1853, huko Buck's Bridge katika jimbo la New York, binti aitwaye Martha Byington alianza kuwafundisha watoto wa familia tano za waumini walioshika Sabato. Darasa lilikuwa ndani ya nyumba. Kanisa letu lilikuwa halijaundwa rasmi. Hilo lilifanyika miaka 10 baadaye, na baba yake, John Byington, akawa Mwenyekiti wa kwanza wa Konferensi Kuu. Kwa hiyo watoto wetu walikuwa na mwalimu kabla sisi hatujawa na Konferensi Kuu. Leo shule zetu zina majengo, sare, mabasi na ada. Zina pia jina la kulinda, na hapo ndipo jaribu huingia.

Nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi ya kanisa. Kabla ya kikao cha wazazi tuliambiwa tuzipandishe alama kidogo, maana wazazi walikuwa wameanza kuwahamisha watoto. Niliomba, kisha nikashika kalamu. Msichana mmoja aliyepata 31 katika kusoma nikamwandikia 61. Nilijiambia kwamba ni huruma.

Sabato chache baadaye, katika Shule ya Sabato ya watoto, aliitwa asome fungu la kukariri. Alisimama na Biblia mkononi, midomo ikatetemeka, neno halikutoka. Wenzake wakacheka. Mama yake, aliyeketi nyuma, hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. Ripoti yenye saini yangu ilikuwa nyumbani kwake.

Soma tena Mithali 11:1. Alama ya mwalimu ni mizani. Mwenye duka anayepunja huiba sukari. Mimi niliiba miezi ambayo mama yule angejua ukweli na kumsaidia mwanawe. Huruma ya kweli haibadilishi namba. Huruma huketi na mtoto baada ya vipindi na kuanza tena na silabi.

Lakini tusiwahukumu upesi wanaojaribiwa hivi. Mwalimu mkuu yule hakuwa mtu mwovu. Aliona kwamba ada zikikosekana, walimu watakosa mishahara, shule itafungwa, na watoto wengi hawatalisikia tena Neno la Mungu kila asubuhi. Je, namba chache si gharama ndogo kwa ajili ya wokovu wa watoto?

Hoja hii ina uzito, ila ina ufa mmoja. Mtoto hujifunza kutoka kwa mwalimu mmoja yule yule. Asubuhi anasikia kwamba Mungu huuona moyo. Muhula ukiisha anaona kwamba walimu wake hutazama sura ya karatasi. Akikua, ataamini lipi? Shule inayoilinda injili kwa uongo imekwisha kufundisha somo jingine, na Yakobo 3:1 inatuonya kwamba hesabu yetu sisi walimu itakuwa kali zaidi.

Tazama Danieli 6:4. Adui zake walianza kutafuta kosa katika kazi yake ya serikali, si katika chumba chake cha maombi. Waligeukia maombi baada ya kukosa kosa kazini. Kwetu mara nyingi ni kinyume: maombi yetu hayana kasoro, bali vitabu vyetu vina kasoro.

Nilikwenda kwa mama yule nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Sasa tufanyeje, Mwalimu?” Tulianza jioni ile ile. Mtoto alijifunza kusoma. Lakini habari zilienea, familia mbili zikawahamisha watoto wao, na kwa muhula mzima ofisini nilisalimiwa kwa baridi. Uaminifu haukuijaza shule. Danieli naye alitupwa tunduni kwanza, na Waebrania 11 inawataja waaminifu ambao hawakuokolewa katika maisha haya.

Nimefanya kazi ya elimu ya kanisa miaka mingi tangu hapo. Sikumbuki mahubiri niliyohubiri mwaka ule. Nakumbuka namba moja niliyoifuta kwa raba, na sauti ya msichana yule siku aliposoma fungu lote bila kusaidiwa.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni “mizani” gani iliyo mkononi mwako: alama, stakabadhi, ripoti, vipimo vya kazi? Nani hupunjwa usipoitumia kwa haki?

2. Sisi wazazi na washiriki huwasukumaje walimu wetu waseme uongo? Tungeipokeaje ripoti ya kweli yenye 31?

3. Kama shule ya kanisa ingekuwa hatarini kufungwa kwa sababu ya kusema kweli, kanisa lenu lingefanya nini ili mwalimu asibebe mzigo huo peke yake?