Kimbi Inageuza Mwendo

Idd Pili ya mwaka juzi, baada ya sala ya alasiri, nilitoa hukumu ya makosa mbele ya watu wasiopungua arobaini, chini ya mwembe wa baraza letu hapa Pongwe. Haikuwa kesi ya shamba wala ya mirathi. Ilikuwa mchezo wa bao. Lakini tangu siku ile nimelifikiria jambo hili kuliko nilivyofikiria kesi nyingi zilizopita mkononi mwangu miaka yote niliyokuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, na sasa naona nimefika mahali ninapoweza kulisema.

Wasioijua Pongwe wajue tu kwamba ni kata ya jiji la Tanga, kwenye barabara ya kwenda Muheza, penye kiwanda cha saruji na machimbo ya mawe ya chokaa. Vumbi la hapa ni jeupe. Vijana wa machimbo wakija barazani jioni, nyusi zao huwa kama za wazee. Baraza letu lina bao moja la mvule, lenye mashimo thelathini na mawili yaliyolainika kwa vidole vya watu ambao wengi wao wameshazikwa, na kete zake ni komwe za kijivu, sitini na nne kamili.

Idd ile mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi alitoa beberu awe zawadi ya mshindi. Wachezaji hawakutoa hata shilingi, maana hatutaki kamari barazani. Fainali ikawa kati ya fundi wa baiskeli, mtu mzima mwenye maneno machache, na kijana mmoja wa machimbo mwenye mkono mwepesi. Wakanifuata: “Mzee Karani, wewe ndiye unayejua mambo ya hukumu. Amua wewe.” Nikakubali. Nitalirudia neno hilo, kwa sababu kosa langu lilianzia pale nilipokubali, kabla sijatamka hukumu yoyote.

Walikuwa wameshamaliza kunamua, yaani kuingiza kete za akiba, wamo kwenye mtaji, kete zote ziko baoni. Kijana alikula, akaingilia kichwa cha kushoto, shimo la mwisho la safu yake ya mbele upande huo, akatawanya kwenda kulia. Kete yake ya mwisho ikaangukia kimbi ya kulia, shimo lililo jirani na kichwa, na shimo la mpinzani lililoikabili lilikuwa na kete sita. Akazizoa. Kanuni ya bao ni kwamba ukila kwenye kichwa au kwenye kimbi, unaingia kwa kichwa cha upande huo huo. Alipaswa basi kuingia kulia na kurudi kushoto, na zile sita zingemfikisha shimo jingine kabisa. Hakufanya hivyo. Alirudi kichwa cha kushoto, akaendelea na mwendo wake wa mwanzo. Kete ya sita ikafika shimo la sita, na mkabala wake mpinzani alikuwa na kete tisa. Akazila zote.

Fundi alinyanyua macho. Hakupiga kelele. Alisema: “Karani, ile ni kimbi. Kimbi inageuza mwendo.”

Nikamjibu kwa sauti ya mahakamani, sauti ambayo nilikuwa nimeisikia kwa mahakimu wengi: “Mtu akishaanza mwendo haugeuzi. Endeleeni.”

Neno langu lilikuwa nusu kweli. Ni kweli kwamba anayeendelea kula katikati ya safu hafai kubadili mwendo. Lakini vichwa na kimbi vimetolewa katika kanuni hiyo, na mimi nilishika kanuni nikasahau kilichotolewa. Fundi alinitazama kidogo, akainamisha kichwa, akacheza. Mzunguko wa nne baada ya hapo safu yake ya mbele ilikuwa tupu. Beberu alichinjwa jioni ile ile, na pilau yake nami niliila.

Siku ya tatu nilipita barazani mapema. Kijana yule wa machimbo alikuwa amekaa na mtoto wa jirani, anamfundisha. Mtoto akala kwenye kimbi, akataka kuendelea. Kijana akamshika mkono: “Hapana. Kimbi inageuza mwendo.” Kisha akaniona.

Nikamuuliza, “Kumbe ulikuwa unajua?”

Akasema, “Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mwamuzi. Wewe ndiye uliyesema niendelee.”

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikakaa na maneno yale, maana yana swali zito kuliko bao. Hukumu ya mwamuzi inaweza kukipa kitu mwenyewe mpya? Mwamuzi akisema chako, kimekuwa chako?

Katika dini yetu swali hili limejibiwa, na limejibiwa na ambaye hukumu yake ilikuwa bora kuliko ya yeyote kati yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi iliyopokewa na Ummu Salama, alieleza kwamba yeye ni binadamu, kwamba watu humletea magomvi yao, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenziwe, naye akahukumu kwa alichosikia. Basi aliyepewa haki ya nduguye kwa hukumu hiyo asiichukue, kwa kuwa amekatiwa kipande cha moto. Ukiyafikiri maneno hayo yanatisha. Hata kauli ya Mtume haikigeuzi cha mwenzio kuwa chako mbele ya Mungu ikiwa wewe mwenyewe unajua si chako. Itakuwaje kauli ya karani mstaafu chini ya mwembe? Kijana yule hukumu yangu ilimpa beberu. Haikumpa haki ya kusema ameshinda.

Hilo ni la kwake. Langu ni jingine, na ndilo lililoninyima usingizi.

Watu wengi wanaijua hadithi ya hakimu anayejitahidi akapatia, kwamba ana thawabu mbili, na anayejitahidi akakosea ana moja. Nimeisikia ikisemwa kila mara mkubwa anapokosea, kama dawa ya kumtuliza. Lakini iko nyingine, inayowagawa mahakimu mafungu matatu: aliyeijua haki akahukumu kwayo, huyo wa Peponi, aliyeijua akaiacha, na aliyehukumu watu kwa ujinga. Hao wawili wa mwisho ni wa Motoni. Angalieni wa tatu. Hakula rushwa. Hakumpendelea mtu. Kosa lake ni kukaa kwenye kiti bila elimu ya jambo analoliamua. Nilijiuliza usiku ule: mimi nilijitahidi nikakosea, au nilihukumu kwa ujinga? Ijtihadi si kubahatisha. Aliyejitahidi ni yule aliyetafuta kwanza, akauliza, akapima, kisha ndipo akakosea. Mimi sikuuliza mtu. Walikuwapo pale wazee watano wanaolijua bao kwa kina, na fundi mwenyewe alinikumbusha kanuni kwa maneno matatu. Nililinda heshima ya kiti. Walinichagua kwa sababu najua mahakama, nami nikaacha waamini kwamba anayejua mahakama anajua na bao.

Lazima tutenganishe makosa hapa, kwa kuwa watu huyachanganya. Liko kosa la jicho: kete iligusa shimo au haikugusa, mpira ulivuka mstari au haukuvuka. Liko na kosa la rai, pale jambo lina pande mbili na mwenye kuamua akachagua moja. Haya yakishapita yamepita, na wanazuoni wetu walishaweka msingi kwamba ijtihadi haivunjwi kwa ijtihadi nyingine, la sivyo hakuna hukumu ingesimama hadi kesho. Lakini hukumu inayokwenda kinyume na kanuni iliyo wazi si rai. Hiyo huvunjwa.

Dunia nzima inalijua hili, kila mchezo kwa njia yake. Septemba 2005, mjini Tashkent, Uzbekistan na Bahrain walikuwa wakiwania nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Uzbekistan wakapiga penalti ikaingia, lakini mchezaji wao alikuwa ameingia eneo la hatari kabla ya mpigo. Kanuni ilitaka penalti ipigwe upya. Mwamuzi akawapa Bahrain mpira wa adhabu. FIFA ilifuta mchezo wote, ukarudiwa Oktoba. Uzbekistan, waliokuwa wameshinda na bado wakalalamika ili wapewe mabao matatu, ndio waliotolewa. Na katika bridge, karata zinazochezwa na watu wanne wawili kwa wawili, kitabu cha sheria kina kanuni ya 82 kuhusu mkurugenzi wa mchezo akikosea. Akitoa uamuzi usio sahihi na mchezo hauwezi tena kurekebishwa, anatoa alama mpya, na katika kuzitoa pande zote mbili zinahesabiwa hazina kosa. Kanuni hiyo ninaipenda. Inakubali kwamba kosa la mwamuzi ni mali ya mwamuzi, na mchezaji asiadhibiwe kwalo.

Hata mahakamani kwetu mlango umeachwa wazi. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Mahakama ya Rufani yenyewe, ambayo juu yake hakuna nyingine, inaweza kufanya mapitio ya hukumu yake ikionekana ina kosa la wazi kwenye kumbukumbu za kesi. Mlango huo ni mwembamba, na ni sawa uwe mwembamba, kwa sababu kesi lazima ziwe na mwisho. Lakini haukuzibwa.

Sasa beberu ameshaliwa. Ningefuta nini?

Kilichonisaidia ni mirathi moja ya zamani. Mwanamke alikufa akaacha mume, mama, ndugu wa kwa mama, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mume alichukua nusu, mama sudusi, ndugu wa kwa mama thuluthi, mali ikaisha, na ndugu wa tumbo moja na baba mmoja hawakupata kitu. Ndivyo alivyoamua Sayyidna Umar bin Khattab. Baadaye ikaja kesi ya namna hiyo hiyo, na ndugu wale wakateta: mfanye baba yetu si chochote, je, mama yetu si mmoja? Umar akawashirikisha katika ile thuluthi. Alipoulizwa juu ya hukumu yake ya kwanza, hakuificha wala hakuirudisha nyuma. Alijibu kwamba ile ni kama walivyoamua wakati ule, na hii ni kama wanavyoamua sasa. Ile ilikuwa rai, ndiyo maana ikabaki. Yangu haikuwa rai. Lakini nilichokichukua kwake ni kwamba khalifa mzima alisimama mbele ya watu na hukumu zake mbili, hakuona haya ya kuonekana amebadilika. Na katika barua inayonasibishwa kwake kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari, aliusia kwamba hukumu ya jana isimzuie hakimu kurudi kwenye haki leo.

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, nilisimama chini ya mwembe ule ule. Niliwaeleza. Nililiweka bao mbele yao, nikapanga kete sita kwenye kiganja, nikawaonyesha ziliingia wapi na zilipaswa kuingia wapi. Nilisema kosa ni langu, fundi alinikumbusha nikamkatalia, na matokeo ya siku ile yasihesabiwe kuwa ushindi wa mtu. Nikamwomba fundi aniwie radhi. Alisema, “Mimi nilishamaliza siku ile ile, Karani.” Kisha akaongeza: “Lakini nashukuru umelisema mbele ya walewale.”

Sitaisahau kauli hiyo ya pili. Kunisamehe alikuwa ameshanisamehe peke yake. Lakini msamaha wake ulikuwa haujayaondoa macho ya watu arobaini waliomwona akiambiwa hajui bao, yeye aliyelicheza tangu utotoni. Hilo nilikuwa na uwezo wa kuliondoa mimi tu, na kwa sauti ile ile niliyolifanyia. Mwamuzi anayekosea hadharani kisha akaomba radhi nyuma ya nyumba amelipa nusu ya deni.

Mzee mmoja hakufurahi. Aliniambia, “Karani, ukifanya hivi, kesho nani atakubali hukumu?” Hofu yake ina msingi. Mchezo hauendi ikiwa kila neno la mwamuzi linabishaniwa hapo hapo, na ndiyo maana fundi alifanya vema kucheza baada ya kusema mara moja. Utii wake ulikuwa wa haki. Lakini utii ule ulikuwa amana mkononi mwangu. Mtu akikutii akijua umekosea, amekukabidhi haki yake uitunze hadi utakapozinduka. Ukizinduka ukanyamaza, umeikhini. Mimi nimewaona mahakimu ambao hukumu zao zilitenguliwa na mahakama ya juu, na kesho yake watu waliendelea kuja mbele yao. Sijawahi kuona watu wakirudi kwa hiari yao mbele ya mtu wanayejua anaficha.

Kijana wa machimbo hakusema kitu Ijumaa ile. Alisikiliza hadi mwisho, akanywa kahawa, akaondoka. Katika ile hadithi ya Ummu Salama, kwa mapokezi ya Abu Daud, wale wawili waliokuwa wakigombea mirathi walilia, kila mmoja akasema haki yangu ni ya ndugu yangu, wakaamriwa wagawane, wapige kura, kisha wahalalishiane. Mimi siwezi kumwamuru mtu alie. Ninachojua ni kwamba kuhalalishiana ni mlango ulio wazi maadamu wote wako hai, na nyumba ya fundi haiko mbali na ya kwake.

Kwa waamuzi wenzangu, wa bao, wa mpira, wa karata, na wale wa mabaraza ya ndoa na ardhi, nina ombi moja. Ukiitwa kuamua jambo usilolijua, sema hulijui kabla watu hawajakaa.

Idd iliyofuata mwamuzi alikuwa fundi wa baiskeli. Mimi nilishika daftari.