Bahari Imeenda Wapi?

Somo: Yohana 21:9–15, 1 Timotheo 3:4–5

Wengi mmeniuliza Mombasa ilikuwaje. Leo nitawaambia, hata ile sehemu ambayo nilitamani kuificha.

Desemba tulitoka Kitale, mimi, mama watoto na watoto wetu wawili. Tulipanda basi hadi Nairobi, kisha treni ya SGR. Tuliweka akiba mwaka mzima. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo kila kitu kilikuwa na bajeti, hata maji ya kunywa. Tulifikia kwa shemeji yangu kisiwani, na siku ya mwisho tukavuka feri ya Likoni mapema, tukaenda Diani. Hiyo ndiyo siku watoto walikuwa wakiingojea.

Saa tatu asubuhi maji yalikuwa yamejaa. Kitinda mimba wetu ana miaka mitano, na maji makubwa anayoyajua ni ya Mto Nzoia. Alinivuta mkono: "Baba, twende!" Nikamwambia, "Dakika tano tu." Simu ilikuwa inaita. Ni mambo ya mabati ya kanisa letu la Bungoma. Mweka hazina anataka hesabu, fundi anataka misumari, mwenye lori anataka malipo. Mama watoto anaogopa maji, kwa hivyo watoto walikaa mchangani wakiningoja. Akaniuliza polepole, "Pasta, tumekuja na wewe ama na Bungoma?" Nikamjibu, "Hii ni kazi ya Bwana."

Nilipozima simu ilikuwa saa nane. Nikavua viatu, nikageuka. Maji hakuna! Ni mchanga, mwani na mawe mpaka mbali kule mawimbi yanakovunjikia. Mtoto akauliza, "Baba, bahari imeenda wapi?" Mzee mmoja mvuvi akasema, "Maji yamekupwa, mwanangu. Yatajaa usiku." Usiku! Na asubuhi tulikuwa na treni.

Darasani tulifundishwa gharama ya fursa: ukichagua hiki, unalipa kwa kile ulichokiacha. Hiyo sikuiandika kwenye bajeti.

Mpendwa, fungua Yohana 21. Yesu amefufuka. Petro amemkana na anahitaji kurudishwa. Kazi ya ulimwengu mzima inangoja. Lakini Bwana yuko ufuoni, amewasha makaa, anachoma samaki, anawaita wanafunzi wake wale. Habari ya kulisha kondoo inakuja baada ya kula. Kama Bwana wa mavuno alipata muda wa kiamshakinywa, mimi msaidizi wa mchungaji ni nani nikose?

Na Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa la Mungu. Nilikuwa nimesoma andiko hilo mara nyingi nikifikiria wazazi walevi. Siku hiyo lilinitazama mimi.

Niliwaomba msamaha watoto na mama yao. Tukatembea kwenye vidimbwi vilivyobaki. Yule mzee akatuonyesha mnyama wa umbo la nyota, akasema huko wanamwita kiti cha pweza. Watoto wakacheka. Mungu ni wa neema, hata maji yakiwa yamekupwa. Lakini kuogelea hawakuogelea, na siwezi kuwarudishia asubuhi ile.

Kanisa, si lazima uende Mombasa. Kuna maporomoko ya Nabuyole pale Webuye. Kuna jiko lako nyuma ya nyumba na mahindi ya kuchoma. Wiki hii chagua saa mbili, zima simu, kaa na watu wako. Mabati ya Bungoma? Yalifika, na paa limekamilika. Lingekamilika hata kama ningepiga simu hizo jioni.

Tuombe: Bwana, utusamehe pale tulipoitumia kazi yako kuwakwepa watu uliotupa. Utufundishe kuitika mtoto anapotuita, maji yakiwa bado yamejaa. Katika jina la Yesu, amina.